Nairobi hadi New York bila kutua: tunavyodhani na mambo yalivyo

Nauza tiketi katikati ya jiji, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kwa nini ndege inayokwenda New York bila kutua popote ina nauli kubwa kuliko ile inayomzungusha mtu Doha au Amsterdam? Wengi wanaouliza huwa wameshajijibu, na majibu yao nimeyasikia tena na tena, kwenye foleni ya benki na ndani ya matatu za Embakasi. Safari hizi nazipenda na nimezifuatilia kwa miaka, ndiyo maana huniuma tunapozizungumzia kwa makosa.

Dhana: Haitui njiani, kwa hiyo inatumia mafuta machache na ingepaswa kuwa nafuu.

Mfikirie mtu anayevuka jangwa la Chalbi na ngamia mmoja, na maji ya ngamia huyo lazima yapandishwe mgongoni mwake mwenyewe. Njia ikirefuka, maji yanaongezeka. Maji yakiongezeka, mzigo unamchosha naye anataka maji zaidi. Ndege iko hivyohivyo. Kila tani ya ziada inayobebwa, iwe ya mafuta au ya masanduku, huteketeza mafuta yanayofikia takriban asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake kwa kila saa ya safari. Kwa saa 15, kubeba tani moja tu kunakaribia kumaliza nusu tani ya mafuta.

Sasa chukua penseli. Kenya Airways ilipoanzisha safari hii tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza kwamba kila upande unahitaji tani 85 za mafuta, marubani 4 na wahudumu 12. Ndege inayotumika ni Boeing 787-8, ile iitwayo Dreamliner. Kabla ya abiria na mafuta ina uzito wa tani 120 hivi, na uzito wa juu kabisa inaoruhusiwa kuruka nao ni karibu tani 228. Toa 120, toa 85, zinabaki 23. Viti viko 234. Mpe kila abiria kilo 100 pamoja na mizigo yake, na anayekwenda Marekani na masanduku mawili ya kilo 23 anazifikisha bila shida. Tani 23 zimekwisha! Ndege hiyohiyo ikielekea Ulaya hupakia mafuta machache zaidi, na tumboni hubaki nafasi ya maua na mboga ambazo wenyewe wanalipia kila kilo. Hesabu yangu ni ya juu juu, lakini inaonyesha pesa zinavyopotea kabla hata mlango haujafungwa.

Kutua nako kuna gharama zake, nisije nikapotosha. Kuna ada za uwanja, kuna huduma za chini, kuna mafuta ya kupanda tena angani, na kuna saa zinazopotea. Kwa umbali wa New York, kilomita 11,800 hivi kutoka kwetu, mizani bado inaweza kuelemea upande wa kutotua. Ukipita kilomita 14,000 hesabu inazidi kuwa ngumu.

Dhana: Nairobi iko juu, kwa hiyo ndege ina kazi ndogo ya kupanda.

Hii niliambiwa na mtu mzima, mwenye akili zake, na kwa kweli ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini. Mambo ni kinyume kabisa. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Injini inavuta hewa kidogo na inasukuma kidogo. Mabawa nayo hayana cha kutosha cha kushika, hivyo ndege lazima ikimbie kwa kasi zaidi kabla ya kunyanyuka. Jua la mchana likiongeza joto, hewa inazidi kuwa nyepesi. Rubani hubaki na njia mbili: apate barabara ndefu ya kurukia, au apunguze uzito.

Barabara ndefu tunayo, inapita kilomita 4. Na angalia saa ya kuondoka: ndege ya New York huondoka usiku. Abiria hupenda kufika asubuhi, ndiyo, lakini baridi ya usiku wa Embakasi nayo inasaidia. Majirani zetu wa Addis Ababa wako juu zaidi, zaidi ya mita 2,300. Kwa miaka mingi Ethiopian Airlines ikienda Washington imekuwa ikitua njiani kuongeza mafuta, kwa mfano Dublin, ilhali kurudi inakuja moja kwa moja. Ikitoka Washington inaruka kutoka karibu na usawa wa bahari, na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi unaisukuma mgongoni. Sisi pia tunaujua upepo huo: kwenda ni saa 15 hivi, kurudi ni kama 14.

Dhana: Ndege ikijaa, imepata faida.

Tunawaza kama matatu: gari likijaa, safari imelipa. Katika safari ndefu mno, swali ni nani amekaa kwenye viti hivyo na amelipa kiasi gani. Singapore Airlines walilisoma somo hili kwa gharama kubwa. Walianza kuruka kutoka Singapore hadi Newark, jirani na New York, mwaka 2004 kwa Airbus A340-500, ndege yenye injini 4. Mwaka 2008 waling'oa viti vya bei ya chini na kuacha 100 tu vya daraja la biashara. Hata hivyo, mwaka 2013, pipa la mafuta likiuzwa zaidi ya dola 100, waliisimamisha safari. Thai Airways walijaribu Bangkok hadi New York kwa ndege ya aina hiyo kuanzia 2005 na kufikia 2008 walikuwa wameshaacha.

Singapore walirudi Oktoba 2018, mwezi uleule Kenya ilipoanza, wakiwa na A350-900ULR ya injini 2. Ndege hiyo ina viti 161, ilhali A350 zao za kawaida za safari ndefu zina 253. Kati ya hivyo 161, vya daraja la biashara ni 67, vilivyobaki ni vya daraja la kati, na cha bei ya chini hakuna hata kimoja. Qantas wa Australia nao, kwa safari wanazopanga za Sydney hadi London, wameagiza A350-1000 zenye viti 238, ndege ambayo kwingine hubeba watu zaidi ya 300. Wanabeba wachache kwa makusudi.

Ndiyo maana nikitazama ndege yetu yenye viti 30 vya daraja la biashara na 204 vya kawaida, huwa natazama zaidi vile 30.

Dhana: Marubani wawili wanaendesha usiku kucha. Hapana. Wako wanne, wanapokezana, na ndani ya ndege kuna vitanda vya kulala.

Dhana: Ndege ikiwa na uwezo wa kufika, safari ianzishwe tu.

Mwaka 2005 Boeing 777-200LR iliruka kutoka Hong Kong hadi London kwa njia ndefu ya mashariki, ikavuka Pasifiki na Marekani: kilomita 21,602 kwa saa 22 na dakika 42. Uwezo ulikuwepo. Wanunuzi je? Ziliuzwa takriban 60, ilhali dada yake 777-300ER, yenye viti vingi na masafa mafupi kidogo, iliuzwa zaidi ya 800.

Halafu kuna muda wa ndege yenyewe, na hapa ndipo roho yangu huwa. Kwa ratiba iliyoanza nayo, ndege iliondoka Nairobi usiku wa leo na kurudi asubuhi ya keshokutwa. Ni zaidi ya saa 35, kwa hiyo safari ya kila siku inahitaji ndege 2. Kenya Airways ina Dreamliner 9 tu. Wakati huohuo, ndege moja inaweza kwenda London na kurudi ndani ya siku moja. Ndege chache zikikwama chini kwa kukosa injini au vipuri, kama ilivyotokea mwaka 2025 kwa 3 kati ya hizo 9, safari ndefu huumia kwanza, maana hakuna ya akiba.

Dhana: Ushindani ukiongezeka, nauli ya moja kwa moja italingana na ya kuunganisha.

Anayekuzungusha anajua anakuchosha, kwa hiyo lazima akupunguzie. Asiyekuzungusha anakuuzia saa zako mwenyewe, na wapo watakaozilipia daima. Juzi alikuja mama mmoja wa Umoja na mwanawe. Kijana akamwambia, "Mama, ya kupitia Doha itakuokolea pesa nyingi." Mama akajibu, "Magoti yangu hayawezi kukimbizana na mageti ya ugenini, mwanangu." Nikamkatia ya moja kwa moja, kiti cha karibu na choo kama alivyotaka. Kijana anamfuata Septemba kwenda chuoni, na yeye nikamkatia ya Doha.