Helikopta ya Saigon na stori zingine za Vietnam zilizonichosha

Nafundisha tuisheni ya historia miaka mingi sasa, na kila nikifika Vietnam lazima atokee mmoja aliyeangalia zile muvi za kutafsiriwa akaniambia, "Mwalimu, si Mmarekani alichapwa Saigon 1975 akakimbia na helikopta?" na darasa zima linaitikia ndiyo. Juzi wametokea watatu kwa siku moja. Basi leo naandika ili wiki ijayo nisiseme tena.

Tuanze na hiyo picha yenyewe mnayoitegemea, ile ya watu wamepanga foleni kwenye ngazi juu ya paa kuifuata helikopta. Lile paa sio la ubalozi wa Marekani. Ni jengo la fleti, mtaa wa Gia Long namba 22, walikokuwa wanaishi watu wa CIA, yaani majasusi wa Marekani, na wanaopanda ngazi wengi wao ni Wavietnam wanaoogopa kuachwa. Vikosi vya Marekani vya kupigana vilikuwa vimeshaondoka kitambo! Mkataba wa Paris wa kusimamisha vita ulisainiwa 27 Januari 1973, kikosi cha mwisho kikaondoka 29 Machi mwaka huo huo, kwahiyo hadi Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, inaanguka 30 Aprili 1975 imepita miaka miwili na mwezi mmoja Wavietnam wanauana wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini ya wakomunisti na Kusini iliyosaidiwa na Marekani, kipindi ambacho nyie mnakiruka kama vile hakikuwepo.

Na ndani ya hicho kipindi ndiko kuna majibu yote. Mkataba wa Paris uliwaondoa Wamarekani lakini askari wa Kaskazini waliokuwa wameshaingia Kusini ukawaacha pale pale walipo, yaani mwizi ameambiwa abaki sebuleni ila asiingie chumbani. Rais Thieu wa Kusini alilalamika, Rais Nixon wa Marekani akamuahidi akichokozwa atasaidiwa, halafu Nixon mwenyewe akajiuzulu Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate na Bunge la Marekani likakata hela za msaada. Jeshi la Kusini lilishazoeshwa kupigana kitajiri, mabomu kibao na helikopta kila kona, sasa mafuta yamepanda bei, spea hakuna. Machi 1975 Kaskazini wakapiga mji wa Ban Me Thuot, Thieu akapaniki, akaamuru jeshi litoke nyanda za juu, Pleiku na Kontum, kupitia barabara namba 7 ambayo ilikuwa mbovu haitumiki, askari wakabeba na familia zao, msafara ukawa msiba. Mji wa Hue ukaenda, Da Nang nao ukaenda 29 Machi. Askari wa Kusini walijitahidi kweli pale Xuan Loc, mji wa karibu na Saigon, karibu wiki mbili, ila ndio hivyo. Sasa mtu akisema jeshi la Marekani lilichapwa Saigon namuuliza jeshi gani, lipi, la nani?

Sijasema Mmarekani alishinda, msije mkaninukuu vibaya. Alipoteza watu zaidi ya 58,000 na lengo lake la kuifanya Kusini isimame lilikufa. Ila kushindwa lengo na kufukuzwa uwanjani ni vitu viwili, na kwenye mtihani vina maksi tofauti. Dawa yangu ni ile ile kila mwaka, chukua karatasi, chora mstari, weka 1945, 1954, 1965, 1973, 1975, bandika ukutani juu ya kitanda. Watoto wananicheka halafu wanafaulu.

Zingine nazimaliza haraka.

Eti Vietnam zilikuwa nchi mbili tangu zamani. Hapana. Mfaransa, mkoloni wa Vietnam, alipigwa Dien Bien Phu Mei 1954, kwenye mkutano wa Geneva wakachora mstari wa muda tu kwenye latitudo ya 17 wakisubiri uchaguzi wa 1956, Diem wa Kusini akagoma, uchaguzi haukufanyika.

Eti Ho Chi Minh, kiongozi wa Kaskazini, ndiye aliyeingia Saigon. Alifariki Septemba 1969 jamani! Na hata kabla ya hapo aliyekuwa ameshika usukani ni Le Duan, mkuu wa chama cha kikomunisti, jina ambalo sijawahi kulikuta kwenye daftari la mwanafunzi hata mmoja.

Eti kwenye mashambulizi ya Tet 1968, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam, Viet Cong, yaani wapiganaji wa kikomunisti wa Kusini, walishinda vita. Uwanjani walipigwa vibaya sana, hawakushika mji hata mmoja kwa muda mrefu, Hue yenyewe kama mwezi hivi. Walichoshinda ni televisheni za Marekani, watu waliokuwa wanaambiwa vita inakaribia kuisha wakaona mapigano hadi ndani ya uwanja wa ubalozi wa Marekani Saigon.

Na hii ya kwamba ilikuwa vita ya wakulima wenye mianzi na mashimo ya kujificha dhidi ya ndege. Mashimo yalikuwepo, sawa, ila Mrusi na Mchina walikuwa wanamwaga silaha Kaskazini miaka yote hiyo, makombora ya kutungua ndege, mizinga, kila kitu. Vile vifaru viwili vilivyogonga mageti ya ikulu ya Saigon asubuhi ya 30 Aprili, kimoja kilitengenezwa Urusi na kingine China.