Je, wajua kwa nini jeshi humtangazia adui mahali litakapopiga?

Katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, Marekani na washirika wake waliwadondoshea wanajeshi wa Iraq vipeperushi takriban milioni 29. Baadhi viliitaja divisheni moja, ile ya 16 ya askari wa miguu, na kuionya kwamba kesho yake ingepigwa mabomu. Kwa kuwa shambulio la ghafla ni silaha kubwa vitani, jambo hili laonekana kama kujinyima ushindi kwa makusudi.

Lakini bomu lisilotangazwa humuua aliyekuwa karibu nalo tu, na waliosalia huzidi kujichimbia ardhini. Lililotangazwa humpa askari usiku mzima wa kuwaza, naye hana wa kumweleza woga wake, maana afisa wake akimkuta na karatasi ile mfukoni, huenda akamhesabu msaliti. Mabomu yalipoanguka kama yalivyoahidiwa, vipeperushi vingine vilifuata kuwakumbusha walionusurika kwamba walikuwa wameonywa, na tangu hapo karatasi hizo ziliaminiwa zaidi.

Hata hivyo, hofu peke yake haitoshi. Aliyezingirwa pande zote, asiyeona pa kukimbilia, hupigana hadi mwisho. Ndiyo maana karatasi hizo zilieleza pia namna ya kujisalimisha: toa risasi kwenye bunduki, ining'inize bega la kushoto mtutu ukielekea chini, inua mikono, tembea polepole. Kwa maoni yangu, maelekezo hayo makavu yalifanya kazi kubwa kuliko vitisho vyote, kwani mtu aliyetishika hutafuta la kufanya.

Tofauti yake ni ving'ora vya ndege za Ujerumani aina ya Stuka, vilivyozungushwa na upepo ndege iliposhuka kwa kasi kupiga mabomu. Mlio wake uliwatia watu kiwewe mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, ila masikio huzoea, na kifaa chenyewe kiliipunguzia ndege mwendo, hivyo baadaye kikaondolewa.

Nchini Vietnam, Wamarekani walicheza usiku kwa vipaza sauti kanda zilizoigiza kilio cha askari wa adui aliyekufa bila kuzikwa kwao, wakitumaini kuitumia imani ya Wavietnam kwamba roho ya namna hiyo hutangatanga. Wapo waliotishika, lakini waliotambua kwamba ni kanda walielekeza bunduki kule ilikotoka sauti na kufyatua.