Ule moshi mweupe si chumvi inayoungua

Ukipita kwa fundi wa kulehemu Mombasa, huenda ukamwona akisugua chuma chake cha moto kwenye kipande cheupe, na moshi mzito ukafuka. Watu husema, "Chumvi inaungua." Haiungui. Kipande kile ni amonia kloridi, chumvi isiyo ya mezani, na hakishiki moto.

Kikipata joto, kwenye nyuzi 338 hivi za Selsiasi, hugawanyika kuwa gesi mbili zisizo na rangi: amonia na hidrojeni kloridi. Hiyo ya pili ndiyo inayokula oksidi (kutu) iliyofunika ncha ya shaba ya chuma cha fundi, ikabaki safi, tayari kushika risasi ya kulehemia. Zikipoa hewani, gesi hizo huungana tena. Huo "moshi" ni punje za chumvi ileile!

Hata shuleni, chumvi hii ikipashwa moto huondoka kwenye kitako cha neli ya jaribio, ikaganda juu penye ubaridi, na wengi hudhani imegeuka mvuke tu. Lakini weka pamba ya kioo (nyuzi laini za kioo) katikati, na juu yake karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa, ambayo amonia huifanya buluu: hugeuka buluu, kwa kuwa amonia ni nyepesi kuliko hidrojeni kloridi, hutangulia.

Kuitengeneza chumvi hiyo, changanya maji ya amonia na asidi hidrokloriki mpaka zizimuane (moja iondoe ukali wa nyingine), punguza maji kwa moto, kisha acha fuwele zijitenge zenyewe.