Mgomo wa zabibu wa Delano haukuanzishwa na mtu mmoja

Kuna ujumbe wa miaka mingi ambao bado unazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp: eti mgomo maarufu wa wachuma zabibu wa Delano, California, uliasisiwa na kiongozi mmoja mwenye asili ya Mexico, César Chávez, kisha wengine wote wakamfuata. Sivyo ilivyokuwa.

Walioanza ni vibarua Wafilipino, wengi wao watu wazima waliokula chumvi nyingi mashambani. Tarehe 8 Septemba 1965 waligoma, wakidai dola 1.40 kwa saa na senti 25 kwa kila boksi. Vibarua wenye asili ya Mexico walipiga kura kwenye ukumbi wa kanisa na kujiunga nao siku nane baadaye. Hilo halikuwa jambo dogo, maana wenye mashamba walizoea kuvunja mgomo wa kundi moja kwa kuliajiri jingine. Safari hii hila hiyo iligonga mwamba, ingawa mikataba mikubwa ilisubiri hadi 1970.

Mkanganyiko unaeleweka. Mitaa na shule nyingi zilipewa jina la yule kiongozi, na vyama viwili vya vibarua vilipoungana mwaka 1966, Wafilipino wakafifia kwenye simulizi. Mchango wa Chávez haukanushwi hapa.

Kuhakiki si kazi: tafuta tarehe hizo mbili, 8 na 16 Septemba, kwenye magazeti ya wakati ule au ensaiklopidia nzuri. Ukiletewa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mwulize kwa upole aliyeutuma ni nani waliogoma wiki ile ya kwanza.