Mguu Bandia Msituni Karura: Kupanga Siku ya Kwanza ya Askari Aliyejeruhiwa

Siku ya kwanza ya kumtoa nje askari aliyejeruhiwa isizidi saa moja na nusu, na katika muda huo mwendo wenyewe uwe dakika 30 hadi 40 tu. Wengi wanaopanga matembezi haya hapa Nairobi hupenda kuanzia vilima vya Ngong kwa sababu picha za kileleni zinapendeza. Mimi napinga kabisa. Kilele kinafika karibu mita 2,460, upepo ni mkali, na kila mteremko unamlazimu mwenye mguu bandia kuzuia uzito wa mwili kwa kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Akirudi nyumbani na kidonda, atakaa siku nyingi bila kuvaa mguu, na safari ya pili huenda asije. Anzeni Karura, kwenye njia pana zilizo tambarare, na muepuke zile zinazoshuka mitoni.

Michezo ya nje kuwa sehemu ya tiba ya wanajeshi si jambo geni. Tarehe 29 Julai 1948, daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha majeruhi 16, wanaume kwa wanawake, kulenga shabaha kwa mishale katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, na hapo ndipo Michezo ya Paralimpiki ilipoota mizizi. Nchini Marekani, mpango wa Project Healing Waters ulianza mwaka 2005 kuwafundisha majeruhi wa hospitali ya kijeshi ya Walter Reed kuvua samaki. Sisi tuna majeruhi wetu tangu jeshi la Kenya, KDF, lilipoingia Somalia Oktoba 2011, na tuna msitu wa zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji. Kinachokosekana mara nyingi ni maandalizi ya mambo madogo.

Tuanze na kigutu, maana ndicho kinachoamua kila kitu. Aliyekatwa chini ya goti hutumia nishati zaidi kuliko mwenye miguu miwili kwa mwendo uleule, na aliyekatwa juu ya goti hutumia zaidi sana. Kwa hiyo jasho litamtoka mapema, na laina ya silikoni, ile ala laini inayovalishwa kigutu, hairuhusu jasho kupita. Baada ya dakika 20 au 30 za kutembea, kigutu hupungua unene kwa sababu majimaji yamesukumwa nje ya nyama. Kigutu kinaanza kucheza ndani ya soketi, ile sehemu ya mguu bandia inayokipokea. Utausikia mguu ukigonga au ukitoa sauti ya hewa, naye atakwambia mguu umekuwa mfupi. Hapo kigutu kimezama, na mfupa wa chini umeanza kubeba uzito usio wake.

Simameni hapohapo. Akae, avue mguu, akaushe laina na ngozi kwa taulo safi, kisha aongeze soksi moja ya kigutu, ile nyembamba ya unene wa 1. Atembee hatua kumi. Bado unacheza? Aongeze nyingine. Kila mtu abebe soksi za unene wa 1, 3 na 5, na taulo mbili. Akishindwa kuuingiza mguu wote kwenye soketi, au akihisi umekuwa mrefu, kigutu kimevimba, basi apunguze soksi. Na anayehitaji rundo la soksi kila siku ili mguu ukae, soketi yake imeshapitwa na wakati. Huyo arudi kwa fundi wa viungo bandia kabla ya safari nyingine.

Ngozi ikaguliwe kila dakika 30 siku ya kwanza, hata kama mwenyewe anasema yuko sawa. Askari amefunzwa kuvumilia, na "niko sawa, afande" ni jibu la mazoea. Wekundu unaopotea ndani ya dakika 10 baada ya kuvua mguu hauna shida. Usiopotea, hasa juu ya mfupa, maana yake siku imekwisha: kiti cha magurudumu kiletwe, arudi garini. Malengelenge yasipasuliwe. Asinyoe kigutu asubuhi ya safari, kwani vijeraha vya wembe vikikutana na jasho huleta uvimbe wa vinyweleo. Aliyeungua na kuwekewa ngozi ya kupandikizwa achungwe zaidi, kwa kuwa ngozi hiyo haitoi jasho vizuri na mwili unashindwa kupoa. Muwe mmemaliza kabla ya saa nne asubuhi, na kovu lifunikwe kwa nguo, maana jua la mwinuko huu linachoma hata kukiwa na ubaridi.

Kiti cha magurudumu kina taabu zake. Magurudumu madogo ya mbele huzama kwenye mchanga na kwenye udongo mwekundu uliolowa, kiti kinakwama ghafla na mtu anaangukia mbele. Msaidizi akigeuze kiti na kukivuta kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Kwenye mteremko mkali pia kishushwe kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini. Breki za kuegeshea hazitumiki kupunguza mwendo, zitakatika au zitakipindua kiti. Bebeni pampu, tyubu ya akiba, viraka, gundi na spana, kwa sababu miiba ipo. Miezi ya mvua ya masika, Machi hadi Mei, ningeahirisha safari za viti kabisa: udongo ule unaganda kwenye tairi mpaka magurudumu hayazunguki.

Anayekaa kitini ainame mbele au aegemee upande mmoja kisha mwingine, takriban dakika mbili, kila nusu saa, ili damu irudi kwenye makalio. Mto wake maalum usiachwe nyumbani kwa sababu ya vumbi.

Sasa jambo ambalo kila kiongozi wa safari lazima alijue kwa moyo. Mtu aliyeumia uti wa mgongo kuanzia usawa wa katikati ya kifua kwenda juu anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla. Dalili zake ni kichwa kugonga kwa nguvu, uso kuwa mwekundu, na jasho jingi kwenye mwili ulio juu kuliko sehemu iliyopooza. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa au mrija unaopeleka mkojo kwenye mfuko uliojikunja chini ya paja, jambo asiloweza kulihisi. Msimlaze. Akae wima, mkanda na viatu vilegezwe, mrija unyooshwe, mfuko umwagwe. Kama hapati nafuu mara moja, gari liondoke kwenda hospitali, na daktari wa zamu aambiwe waziwazi ni mgonjwa wa uti wa mgongo, kwa sababu hali hii inaua.

Akili nayo ina njia zake. Fuko akitoa rundo la udongo mbichi katikati ya njia, wewe unaona fuko. Aliyenusurika bomu la kutegwa anaona udongo uliochimbuliwa. Atasimama, macho yatakimbia pembeni, pumzi itapanda. Usimguse kwa nyuma wala usimwambie hakuna kitu. Simama mbele yake anapokuona, mwite kwa jina au cheo alichozoea, mwombe atoe pumzi polepole kuliko anavyoivuta: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6. Kisha mwache yeye achague, kuzunguka au kurudi. Kuchagua kwake ni sehemu ya tiba.

Mengine yanazuilika mapema. Hakuna droni ya kupiga picha, sauti ile kwa baadhi yao ni ya vita. Nyama choma ya kufunga siku iulizwe kwanza kwa kila mtu faraghani, kwa sababu harufu ya nyama inayoungua inaweza kumrudisha mtu asikotaka. Uji, viazi vitamu na chai vinatosha. Walinzi wa msitu wenye bunduki waarifiwe kuhusu kundi, na kundi liambiwe watakuwepo. Mwenye masikio yaliyoharibiwa na mlipuko azungumziwe uso kwa uso.

Kila majeruhi awe na msaidizi mmoja siku ya kwanza, na mke au ndugu akija asifanywe yeye msaidizi. Huyo amekuwa akimhudumia mwezi mzima, naye apumzike.

Kesho yake asubuhi pigeni simu. Ulizeni alilala vipi, ngozi ikoje baada ya kuoga, na maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, yakiwemo ya mguu usiokuwepo. Yakiwa yamepanda kwa zaidi ya 2 kuliko kawaida yake, safari ijayo ipunguzwe. Yasipopanda, ongezeni dakika 5 za mwendo, na njia ibaki ileile mpaka aulize mwenyewe njia ile inaishia wapi.