Mbunge wa Viti Maalum Anamjibu Nani?

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya uwakilishi, naandika swali moja ubaoni: mbunge wa viti maalum akivurunda, nani wa kumwondoa? Wanafunzi hukimbilia "wananchi". Kisha mmoja huuliza, wa wapi? Darasa hunyamaza, maana viti hivyo vya wanawake havina jimbo, nami napata pa kuanzia.

Sayansi ya siasa niliyosoma mimi haikuwa na swali hilo. Ilikuwa dola, vyama, uchaguzi na jeshi. Nani amechota maji ili mpiga kura aoge aende kituoni, hayo yaliitwa mambo ya nyumbani. Wanazuoni wafeministi ndio waliokataa mgawanyo huo. Mwaka 1988 mmoja wao, Carole Pateman, alihoji mkataba wa kijamii, yaani wazo kwamba dola ilitokana na makubaliano ya watu, tuliokaririshwa kutoka kwa wanafalsafa Hobbes, Locke na Rousseau: wanaume walikubaliana, na mamlaka yao juu ya wanawake yakawa sehemu ya makubaliano. Kwetu Tanzania, mwanasiasa anayenadi "kumtua mama ndoo kichwani" hajiiti mfeministi, lakini anatembea na hoja yao: ndoo ni suala la bajeti. (Kwa nini ndoo ni ya mama tu, kaulimbiu haisemi.)

Turudi ubaoni. Ibara ya 66 ya Katiba ya Tanzania inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Vyama hugawana viti hivyo kulingana na kura zao za ubunge, kila kimoja kwa orodha yake. Mwaka 2020 vilikuwa 113. Ni wanawake wengi, na sibezi: kuna miswada na maswali ambayo bila wao yasingesikika. Ila ibara ya 51 inasema Waziri Mkuu atoke kwa wabunge wa majimbo. Yaani mlango umefunguliwa, lakini kuna chumba ambacho hawaingii.

Mwanasayansi wa siasa Drude Dahlerup wa Denmark, akiandika mwaka huohuo wa 1988 kuhusu wanawake katika siasa za nchi za Nordiki, alitahadharisha tusiishie kuhesabu vichwa, tutazame vitendo. Mimi naongeza: tutazame pia nani ameshika kalamu ya orodha. Novemba 2020 wanawake 19 waliapishwa kwa viti maalum vya Chadema, chama cha upinzani. Chama kikasema hakikuwateua, kikawafukuza uanachama. Wao wakaenda mahakamani, na wakabaki bungeni hadi muhula ulipokwisha. Mabishano yote yalikuwa kati ya chama, Spika na mahakama. Mpiga kura hakuwa na pa kuingilia, kwa sababu hakuna karatasi ya kura yenye majina yao.

Kenya walichagua njia nyingine. Kwa Katiba ya 2010, kila kaunti kati ya 47 humchagua mwakilishi mwanamke kwa kura za wote, wake kwa waume. Haijatosha: bunge halikutimiza sharti la Katiba hiyo kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Hata hivyo, mwanamke wa kaunti akiboronga, mwenye kioski anajua siku ya kumtoa. Kama ningeulizwa, ningeanzia hapo, kabla ya kubishania asilimia.

Mwaka mmoja, nilipouliza swali langu, msichana wa nyuma alinyoosha mkono. Alisema mama yake ni mjumbe wa mkutano wa jumuiya ya wanawake ya chama mkoani kwao, na hupiga kura ya kupendekeza majina ya viti maalum. Darasa zima likageuka kumtazama. Wengine wote hatukuwahi kumpigia kura hata mmoja wa wabunge hao.

Nikamwuliza mama huwa anamdai nini mbunge wake.

"Apokee simu, mwalimu."