Kijana, Usijipime kwa Teja wa Stendi

Kila inapokaribia Juni 26, Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, tunazunguka vyuoni na kwenye vijiwe vya bodaboda, na swali huwa lile lile: "Mimi navuta wikendi tu, na mimi ni mraibu?" Muulizaji huwa keshajijibu. Amemtazama teja anayesinzia stendi, akajiona yeye bado yuko fiti.

Kwa vijana wa miaka 12 hadi 21 kuna maswali sita kuhusu pombe na dawa za kulevya yanayotumika nchi nyingi. Umewahi kupanda gari au pikipiki na dereva aliyelewa, hata kama dereva ni wewe? Unatumia ili utulie au usionekane mshamba? Unatumia ukiwa peke yako? Unasahau uliyoyafanya? Ndugu au marafiki wamekuambia upunguze? Umeshaingia matatani? Ukijibu "ndiyo" mara mbili, nenda ukaonane na mtaalamu. Sijasema wewe ni mraibu, nimesema ukachunguzwe. Tofauti hii tunaieleza kila mwaka.

Mtaalamu naye ana vigezo 11, anavyovitazama kwa kipindi cha miezi 12. Viwili vikitimia, tatizo lipo ingawa ni dogo; sita na zaidi ni kubwa. Hakuna kinachouliza umevuta misokoto mingapi. Vinauliza kama unazidisha kuliko ulivyopanga, kama umejaribu kuacha ukashindwa, kama kipimo cha mwanzo hakikutoshi tena, kama ukikosa unapata arosto, yaani mateso ya mwili na akili yanayokuja ukikatisha. Na tafadhali, hadithi ya kwamba bangi haina arosto kwa kuwa ni mmea tuiache. Aliyeizoea akikatisha hukosa usingizi na hamu ya kula, na hasira huwa karibu. Skanka, aina ya bangi yenye kilevi kikali zaidi, ndiyo usiseme.

Vijana wengi hawaji kwa kuogopa kukamatwa, kwa hiyo nifafanue. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania, Sura ya 95, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa kosa la kusafirisha, na kiasi kikiwa kikubwa, maisha. "Kusafirisha" humo si kupanda basi na mzigo tu: kuuza, kununua, kuhifadhi, hata kumgawia mwenzako, vyote vimo. Mirungi pia imo, hata kama ng'ambo ya mpaka inauzwa hadharani. Siwezi kukuahidi kwamba ukikutwa na kete mfukoni utaachiwa kwa kusema unaumwa. Lakini anayeingia kliniki kuomba tiba anapokelewa kama mgonjwa, na maelezo yake ni siri ya matibabu.

Wazazi nao wanatuletea kijana anayevuta bangi, wanataka apewe methadoni leo leo. Methadoni, ambayo kliniki yake ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, ni ya waraibu wa heroini na jamii yake. Haitibu bangi, mirungi wala pombe. Hata kwa wa heroini kuna utaratibu: historia inachukuliwa, mkojo unapimwa, anasajiliwa, anaanzishiwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu, na mwanzoni anainywa kila siku mbele ya mhudumu, sikukuu zikiwemo. Wa bangi na mirungi tiba yao kubwa ni ushauri nasaha, ambao wazazi huudharau kwa sababu hauna chupa.

Kuna jambo moja sitalizungushia maneno. Kijana anayekunywa pombe kila siku msimfungie chumbani ili aache ghafla. Akianza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo au kupata degedege, hiyo ni dharura. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Kwa mengine, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119, haina malipo, na kijana anaweza kupiga mwenyewe bila kusubiri baba akubali.